Serotonini na panya wanaoangushwa na sauti ya kengele

Panya wa ukoo wa GEPR, wanaofugwa maabara kwa utafiti, huzaliwa wakiwa wepesi wa kupata kifafa, na kinachowachochea ni sauti kali. Kengele inapolia, panya wa kundi la GEPR-9 hutimka ovyo akijigonga kwenye kuta za kizimba, kisha huanguka na kukakamaa hadi miguu ya nyuma ikanyooka kabisa. Mwenzake wa GEPR-3 naye hukimbia na kuanguka, lakini huishia kutukutika tu. Tarakimu hizo ni alama za kipimo cha 0 hadi 9 tunachotumia kupima ukali wa mshtuko wa kifafa.

Makundi yote mawili yana upungufu wa serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva, katika sehemu kadhaa za ubongo, nao huonekana hata kwa panya ambaye hajawahi kuanguka, kwa hiyo hauwezi kuwa matokeo ya kifafa chenyewe. Hata hivyo, upungufu unaoandamana na ugonjwa si lazima uwe chanzo chake, ndiyo maana mimi hutilia uzito zaidi jaribio la dawa.

Fluoksetini, dawa ya sonona, huzuia seli za neva kuifyonza tena serotonini ambayo zimekwisha kuitoa, hivyo serotonini hubaki kwa wingi kwenye sinapsi, yaani mahali seli hizo zinapokutana, na panya wa GEPR wanaopewa dawa hiyo hupata mishtuko hafifu zaidi. Mwenye shaka atauliza, na ana haki, kama dawa haitulizi ubongo kwa njia nyingine. Jibu lilipatikana kwa kuwapa panya kwanza PCPA, kemikali inayozuia utengenezaji wa serotonini: akiba ilipopungua, sehemu kubwa ya kinga ya fluoksetini ilitoweka. Kwa waliopewa fluoksetini pamoja na 5-HTP, ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini, kinga iliimarika.

Matokeo hayo hayahamishiki kwa kila aina ya kifafa. Katika panya wa WAG/Rij, ambao huduwaa kwa sekunde chache bila kuanguka, kuamsha kipokezi cha 5-HT1A, mojawapo ya protini za seli zinazopokea serotonini, huongeza mawimbi ya kifafa badala ya kuyapunguza. Vipokezi vya serotonini ni vya aina 14 hivi, na kila kimoja kina kazi yake.

Mfano ni fenfluramini, dawa inayoongeza utoaji wa serotonini: iliondolewa sokoni mwaka 1997 ikiwa dawa ya kupunguza unene, kwa sababu ilidhuru vali za moyo, athari inayohusishwa na kipokezi cha 5-HT2B. Mwaka 2020 Marekani iliiidhinisha kwa kifafa cha Dravet, aina kali inayoanza utotoni, kwa dozi ndogo na kwa sharti kwamba moyo wa mgonjwa upimwe mara kwa mara.