Lakabu Si Jina la Uongo

Waandishi wanaoniletea miswada ili ichapishwe kwa lakabu huanza, karibu kila mara, kwa kuniomba radhi kwamba watatumia "jina la uongo". Dhana hiyo imenichosha, kwa kuwa inalisingizia neno ambalo asili yake haina uongo wowote. Lakabu limetokana na neno la Kiarabu laqab, na katika mpangilio wa majina ya Waarabu huwa kando ya ism, jina la kuzaliwa, na kunya, lile linaloanza na Abu au Umm. Laqab ni jina la sifa ambalo mtu hupewa na wenzake, liwe la kumtukuza au la kumtia dosari. Sultani Yusuf bin Ayyub alipata umaarufu kwa jina la Salah al-Din, yaani wema wa dini, ilhali Amr bin Bahr, mwandishi mkubwa wa Basra katika karne ya 9, hukumbukwa kama al-Jahiz kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat, inayowakataza waumini kuitana kwa majina ya kejeli, hulitumia neno hilohilo kwa wingi, alqab. Kiswahili kimelipanua hadi likachukua pia jina ambalo mtu hujichagulia mwenyewe. Harufu ya uongo imetoka kwingine kabisa, katika neno la Kigiriki pseudes lililozaa pseudonym ya Kiingereza, na sioni kwa nini lakabu ihukumiwe kwa mzizi usio wake.

Wapo pia wanaodai kuwa nom de plume, yaani jina la kalamu, ni msemo wa kale wa Wafaransa. Ulibuniwa na Waingereza kwa maneno ya Kifaransa. Wafaransa walikuwa na nom de guerre, jina la vita, lililoanzia kwa askari wao.

Ama hofu kwamba lakabu humpotezea mwandishi hakimiliki, haina msingi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaulinda muswada wake. Kinachobadilika ni hesabu ya muda, kwani mwandishi ambaye jina lake halisi halijulikani hulindwa kwa angalau miaka 50 tangu kazi itolewe kwa umma, badala ya miaka 50 baada ya kifo chake. Ndiyo maana huwasisitizia wote waweke jina lao halisi na lakabu yao, yote mawili, ndani ya mkataba wa uchapishaji, hata kama jaladani litaonekana moja tu.