Kula bata au kununua sofa? Tunayoambiwa na ukweli wenyewe

Siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anakwambia acha kununua vitu, hela zako peleka kwenye safari na mitoko, vitu utavizoea tu. Uongo mtupu sio, ila imevutwa mpaka imepitiliza.

Dhana: Wataalamu wameshamaliza, safari zinashinda vitu kwa kila mtu.
Ukweli: Waliolianzisha hili ni watafiti wa saikolojia wa Marekani, Van Boven na Gilovich, mwaka 2003, waliuliza Wamarekani zaidi ya 1,200 na asilimia 57 wakasema matembezi, matamasha na vitu kama hivyo ndo viliwapa furaha zaidi, asilimia 34 wakasema ni vitu walivyonunua. Sasa jamani, hiyo 34 ni kama mmoja katika kila watatu, halafu kwenye utafiti huohuo wenye kipato cha chini kabisa tofauti hiyo hata haikuonekana. Mwaka 2018 watafiti wengine, Lee, Hall na Wood, wakarudi palepale wakakuta wanaofurahia matembezi zaidi ni wenye nazo, wenye kipato kidogo wanafurahia vitu sawasawa au hata zaidi. Sishangai, hela ikiwa ya mawazo unataka ikuachie kitu unachokiona kesho asubuhi.

Dhana: Kitu kikishazoeleka furaha imeisha.
Ukweli: Simu mpya sawa, nakubali. Ila Mexico, jimbo la Coahuila, kuanzia mwaka 2000 serikali iliwawekea watu sakafu ya saruji kwenye nyumba zilizokuwa na sakafu ya udongo, watafiti wakaja miaka kadhaa baadaye kulinganisha na mji wa jirani ambao haukupata mpango huo, wakakuta watoto minyoo na kuharisha vimepungua na mama zao wameridhika zaidi na maisha, sonona na msongo wa mawazo viko chini. Sakafu ni kitu, tena kitu cha kukanyaga kila siku! Na hapa jirani, Rarieda kule Siaya, Kenya, familia zilizopewa hela bila masharti na shirika la misaada la GiveDirectly ziliezeka mabati zaidi kuliko ambazo hazikupewa na hali ya moyo ikapanda, japo siwezi kusema ni bati peke yake maana walikula vizuri zaidi pia.

Dhana: Wewe toka tu, furaha itakukuta hukohuko.
Ukweli: Inategemea unatoka na nani. Watafiti Caprariello na Reis mwaka 2013 waliona kwamba mtoko wa peke yako haukizidi kitu ulichonunua, utamu uko kwenye watu. Halafu utafiti wa Uholanzi wa 2010 kuhusu safari za likizo, watu 1,530, furaha ya ziada ilionekana kabla ya kuondoka, wakati mtu anahesabu siku, ila wakisharudi wengi walikuwa sawa tu na waliobaki nyumbani isipokuwa wale waliopumzika kwelikweli. Sasa wewe uliyekopa kwenda Zanzibar ukashinda unapiga picha za kuposti, ukirudi marejesho yanakusubiri mlangoni.

Dhana: Ni ama kitu ama mtoko.
Ukweli: Gitaa ni nini? Baiskeli je? Watafiti Guevarra na Howell mwaka 2015 walikuta vitu vya namna hiyo, vya kukufanya ufanye jambo, vinaleta furaha sawa na matembezi. Kwa hiyo anayenunua jiko la nyama choma na kuita majirani kila Jumapili, mweke upande unaotaka.