Kihisi Kikivaa Mwani: Mtandao wa Kupima Maji ya Vizimba

Wafugaji wa sato katika vizimba vya Ziwa Victoria wanaotaka mtandao wa kupima maji huniuliza kwanza mawimbi ya redio yanayotuma vipimo yanafika umbali gani. Jibu lake ni fupi. Mawimbi hayo hayasafiri vizuri ndani ya maji, kwa hiyo kihisi, yaani kifaa kinachopima maji, huzamishwa kwa waya kutoka kwenye boya, na boya ndilo hubeba antena, betri na paneli ndogo ya sola; kwa teknolojia ya LoRa, yaani redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, antena iliyoinuliwa juu ya maji hutuma vipimo hadi kituo cha ufukweni kilicho kilomita kadhaa, bila laini ya simu kwa kila kizimba. Kazi ngumu iko chini ya boya.

Kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Mchana mwani huizalisha kwa nguvu ya jua. Usiku mwani huohuo huitumia pamoja na samaki, na kiwango hushuka kabisa karibu na alfajiri, saa ambayo hata mlinzi amelemewa na usingizi. Sato hustawi oksijeni ikizidi miligramu 5 kwa lita, na ikipungua chini ya 3 hamu yake ya kula huanguka. Ndiyo maana usiku napima kila dakika 15, ingawa betri inaumia. Tena naweka vihisi viwili, kimoja karibu na uso wa maji na kingine usawa wa kitako cha wavu, kwa kuwa maji ya vilindini hukaa miezi mingi na oksijeni haba, na upepo ukiyainua, hatari huanzia chini.

Mwinuko nao una hesabu yake. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya nyuzi joto 25 hushiba oksijeni kwenye takriban miligramu 7.2 kwa lita, ilhali pwani hufika 8.3. Kihisi kilichosawazishwa kana kwamba kiko pwani huzidisha kila kipimo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Lakini adui mkubwa ni ute wa mwani unaoota kwenye uso wa kihisi. Katika mradi mmoja, tahadhari ililia alfajiri tatu mfululizo ikidai oksijeni imekwisha. Kila tulipofika kwa mtumbwi, samaki walikuwa wakigombea chakula. Siku ya nne mwenye vizimba aliizima, na sikuweza kumlaumu. Ute ule ulivuta oksijeni usiku na kuitoa mchana palepale kwenye kihisi, kiasi kwamba tulikuwa tunapima ute, si ziwa. Kosa la mchana ndilo baya zaidi, maana huonesha neema isiyokuwapo.

Sasa walishaji hubeba mswaki laini kwenye mtumbwi, na saa ya kusafisha huingizwa katika kumbukumbu za mtandao. Grafu ikiruka ghafla baada ya kupigwa mswaki, ukubwa wa mruko huo hunionesha kihisi kilikuwa kimepotoka kiasi gani. Ukizidi nusu miligramu, nafupisha muda wa kusubiri usafi unaofuata.