Jicho jekundu, kidonda unyayoni

Mama mmoja wa huku Sikonge aliletwa kliniki kwetu Tabora na mwanawe, jicho la kulia limevimba, siku ya sita. Duka la dawa walishampa matone wakisema ni "macho mekundu". Tangu ugonjwa ule wa virusi uzuke Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024, kila jicho linaloiva linapewa jina hilo.

Macho mekundu yale huwasha na kutoa tongotongo, ila mtu anaendelea kuona. Mama huyu nilipompungia mkono aliona kivuli tu. Kwenye taa ya kupimia, usaha ulikuwa umetuama ndani ya jicho, nyuma ya kioo chake cha mbele, mstari mweupe umenyooka kama mtindi chini ya glasi. Nyuma yake, ukungu mtupu.

"Kuna kitu kilikuchoma jichoni, mama?"

"Hapana, mwanangu."

Upasuaji wa jicho hajawahi. Homa hana. Nikaona ni uvimbe usio wa bakteria, kalamu ikaanza kuandika steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Muuguzi wangu akanong'ona: "Daktari, mwambie avue kandambili." Unyayoni palikuwa na kidonda kinachonuka, wala hakimuumi. Sukari ya damu ilikuwa 22 (mmol/L), juu mno.

Hiyo ni endofthalmitisi, maambukizi ya ndani ya jicho, iliyosafiri kwa damu. Nyingi huingia kwa upasuaji au jeraha la jicho. Zinazotoka mwilini ni kama 2 hadi 8 katika kila 100, ndiyo maana tunazisahau. Bakteria hutoka kwenye kidonda, jipu la ini, njia ya mkojo au valvu za moyo, wakafika kwenye mishipa midogo iliyo nyuma ya retina (pazia la ndani linalopokea mwanga), wakapenya. Ute uliojaa jichoni hauna mishipa ya damu, kwa hiyo kinga hufika kwa kuchelewa, na dawa ya dripu huingia kidogo mno. Steroidi peke yake ingefifisha wekundu huku bakteria wakizaana kwa raha zao.

Tulichukua damu na ute vikaoteshwe maabara kutafuta bakteria, kisha tukachoma ndani ya jicho antibaiotiki mbili: vankomaisini miligramu 1 na seftazidimu miligramu 2.25. Dawa ya mshipani ilianza saa hiyohiyo, maana damu nayo ilikuwa chafu. (Sindano ya jicho inatisha kwa jina, ganzi ikikolea, wengi huuliza kama tayari.)

Jicho liliishia kuona vidole vya kuhesabu kwa karibu tu. Majibu ya maabara yalirudi baadaye, bakteria mmoja kila mahali: stafilokokasi jichoni, stafilokokasi kwenye damu, stafilokokasi unyayoni.