Ada ya Dola 800, Nyumba ya Dola Laki Tatu

Neno "chama" linatuponza. Kwetu chama ni cha kuchangiana: ukichoka unaaga, maisha yanaendelea. Ndiyo maana ndugu zetu wanaonunua nyumba Houston au Dallas, jimbo la Texas, Marekani, wakiambiwa mtaa una chama cha wenye nyumba (HOA, kama wote wanavyokiita), hudhani ni hiari. Masharti ya chama hicho yalisajiliwa kaunti pamoja na ardhi kabla hujaiona nyumba. Ukinunua, umeingia, na hutoki mpaka uuze.

Ada hulipia bwawa la kuogelea, taa za lango, nyasi za njiani. Usipolipa, deni linaing'ang'ania nyumba yenyewe. Texas inasifika kwa kulinda makazi ya familia. Mdai wa kadi ya mkopo hawezi kukunadia nyumba unayoishi. Lakini mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba kinga hiyo haizuii ada za chama, kwa kuwa sharti la kulipa lilitangulia mnunuzi.

Kumaliza mkopo wa benki nako hakuokoi. Mwaka 2010 kilivuma kisa cha kapteni wa jeshi kutoka Frisco, kaskazini mwa Dallas. Akiwa Iraq, nyumba yake ya dola 300,000, isiyo na mkopo wowote, ilinadiwa kwa dola 3,500. Deni la ada lilikuwa kama dola 800. Nyumbani barua zilikuwa zimerundikana bila kufunguliwa. Ilibidi yeye na mkewe waipiganie mahakamani hadi wakarudishiwa.

Rundo kama hilo ndilo wateja wetu hulimwaga mezani, pamoja na zile barua za rejista zenye stika ya kijani. Nazifungua mimi, mwenyewe akitazama pembeni. Kumbe kila moja ina siku zake. Kabla ya kukubebesha gharama za wakili, chama lazima kikupe siku 45 kwa barua ya rejista. Ndani ya siku hizo, omba kwa maandishi kulipa kidogo kidogo. Zikipita, chama hakilazimiki kukubalia. Chama chenye viwanja zaidi ya 14 lazima kiwe na utaratibu wa awamu, usiopungua miezi mitatu.

Omba deni lichanganuliwe, ada kando, faini kando. Faini za nyasi ndefu au pipa la taka, zikiwa peke yake, haziwezi kunadisha nyumba, ada inaweza. Pesa ikiwa haitoshi, anza na ada. Na wale wanaosema "silipi mpaka watengeneze bwawa", nawaelewa hasira, ila deni linazidi kukua huku bwawa likibaki vilevile.

Mnada wenyewe huhitaji amri ya mahakama na hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi. Hata baada ya nyundo kugonga bado kuna mlango: chama kinapaswa kukuandikia ndani ya siku 30, na tangu barua hiyo itumwe una siku 180 za kuikomboa nyumba, kwa kulipa deni, gharama, na alichotoa mnunuzi. Muda huo wote mnunuzi huyo haruhusiwi kumuuzia mtu mwingine nyumba hiyo. Mwenye kondo, yaani fleti ya kununua ndani ya jengo la pamoja, asihesabu siku hizo 180. Yeye ana sheria yake, na muda wake ni mfupi zaidi.