Hausomei Maua: Tunavyoukosea Uzamili wa Usanifu wa Mandhari Hapa Dodoma

Siku niliyomwambia mjomba wangu wa mtaa wa Kikuyu kwamba naenda kusomea uzamili wa usanifu wa mandhari, alinyamaza, akaniangalia, kisha akauliza: "Yaani watu wakulipie miaka mitatu ukajifunze kupanda maua?" Shangazi akamrekebisha: "Si maua tu, na ukoka." Nyumba nzima ikacheka, nami nikacheka nao, maana wakati ule sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Na kwa kuwa kila mwaka wadogo zangu kadhaa hunijia na maswali yaleyale, mengine yakiwa yamebebwa kutoka kwa wajomba zao, nimeona niyaandike.

"Ni kozi ya bustani"

Bustani imo, kama chumvi ilivyomo kwenye mboga. Lakini muhula wangu wa kwanza ulikwisha sijagusa ua hata moja. Tulipewa ramani ya kontua, yaani mistari inayoonyesha miinuko, ya kipande cha ardhi na swali moja: tone la mvua likidondoka hapa, litaishia wapi? Usipolijibu, mwalimu hakuruhusu uchore chochote. Yakafuata ya udongo, ya kukata na kujaza kifusi, ya miteremko (njia ya kiti cha magurudumu haipandi zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele), ya kivuli, ya mimea, na mikataba ya ujenzi ambayo hakuna anayeipenda.

Chukua kiwanja cha Kisasa au Ilazo chenye mita za mraba 600. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua moja ya nguvu, ya milimita 50, inamwaga hapo lita 30,000. Hayo ni maboza matatu ya lita 10,000. Mwenye nyumba aliyechoshwa na vumbi akasakafia uwanja wote kwa pevingi, maboza yake karibu yote yanatoka getini na kumwendea jirani wa chini. Wa chini naye kasakafia. Ukifika mwisho wa mtaa unakuta korongo, mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa na kinjia cha mbuzi. Ikifika Septemba, watu walewale wanapiga simu kuita boza.

Kazi ya msanifu mandhari ni kuamua maji hayo yapite wapi, yatue wapi, na mti gani uwepo pale yanapotua. Maua huja baada ya uamuzi huo. Na ukoka, kwa maoni yangu, hapa kwetu ni mzigo: unakunywa kiangazi kizima na hautoi hata kivuli cha kuku.

Kwa wanaoidharau bustani yenyewe, nina habari. Mpango mkuu wa Dodoma wa mwaka 1976, ule uliofuata uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Mwanzilishi wake, Macklin Hancock, alikuwa mtoto wa mwenye kitalu cha miche, akasoma chuo cha kilimo cha Ontario kabla ya kwenda Harvard. Mji huu ulipita kwenye meza ya mtu wa miche kabla ya kumfikia mtu wa zege. Habari hiyo nilimpelekea mjomba. Alisema, "Ndiyo maana barabara zinazunguka."

"Lazima uwe na shahada ya usanifu majengo, na mkono wa kuchora"

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, na si kweli. Kwenye vyuo vingi vya Marekani uzamili wa taaluma hii una milango miwili. Mmoja ni wa miaka mitatu, kwa waliotoka nje ya fani: jiografia, kilimo, misitu, biolojia, hata sanaa na sheria. Wa pili ni wa miaka miwili, kwa wenye shahada ya kwanza ya mandhari au usanifu majengo. Darasani kwetu alikuwemo mwalimu wa muziki. Alitusumbua sana kwa kuuliza sauti ya mahali, na kufikia mwaka wa pili wote tulikuwa tunaiba mawazo yake.

Frederick Law Olmsted, aliyebuni Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux mwaka 1858, hakuwa na shahada ya fani hii, kwa sababu haikuwepo. Alikuwa amelima na kuandika magazetini. Harvard ndiyo iliyofungua programu ya kwanza ya chuo kikuu, mwaka 1900, na aliyeiongoza ni mwanawe. Taaluma yenyewe ilianzishwa na watu wa kutoka nje.

Kinachotakiwa ni potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, na hapa ndipo vijana wetu hujidhulumu. Wanadhani bila michoro ya kompyuta hawana la kuonyesha. Kwa mwombaji wa kutoka nje ya fani, wasomaji wa maombi wanataka kuona jicho na namna ya kufikiri. Kijana mmoja wa Nkuhungu alikuja kwangu mikono mitupu, akiwa na simu tu. Ndani ya simu mlikuwa na picha za mbuyu mmoja alizopiga kwa mwaka mzima: ukiwa mtupu, ukiwa na majani, wakati mama lishe anaweka meza, wakati bodaboda wanafuata kivuli kinavyohama, saa nne upande huu, saa tisa upande ule. Nilimwambia akae chini achore kwa kalamu ya risasi ramani ya kivuli hicho kwa saa, hata kama mistari imepinda. Potifolio yake ilikuwa tayari mfukoni na hakujua. Kompyuta utafundishwa huko.

"Dodoma ni jangwa, kuna nini cha kusanifu?"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dhana hii nimeisikia hata kwa wenye madaraka, wakisema mandhari ni ya Lushoto na Arusha.

Kwanza, si jangwa. Mvua yetu ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Shida yake ni kwamba inakuja kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi kwa vishindo vichache. Tone linagonga udongo mtupu, uso wa udongo unajifunga, maji yanakimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walipima tope kwenye mabwawa ya huku, yakiwemo Ikowa, Msalatu, Imagi na Matumbulu. Walikuta udongo wa vilima unahamia ndani ya mabwawa kwa kasi ya kutisha. Kule Kondoa hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika. Wazee bado wanalizungumzia jambo hilo kwa uchungu. Ardhi ilipona sehemu kubwa, lakini ukimuuliza aliyeswaga ng'ombe wake kuondoka, atakwambia kuna gharama ambayo ramani haikuionyesha. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu aanze na mzee huyo.

Pili, kuna Mzakwe. Maji ya visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, yameinywesha Dodoma kwa miongo mingi. Rekodi za visima hivyo, za zaidi ya miaka 50, zilichambuliwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Zinaonyesha kwamba bonde halijazwi kidogokidogo kila mwaka. Linajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, mara nyingi ya El Niño, na uliojaza kuliko yote ulikuwa wa 1997–98. Tafakari maana yake. Mvua ileile tunayoikumbuka kwa madaraja kusombwa ndiyo iliyokuwa ikituwekea akiba chini ya ardhi. Ukiyatibu maji ya mafuriko kama adui wa kufukuzwa kwa mifereji ya zege moja kwa moja hadi nje ya mji, unaweza kuwa unafukuza maji ya kunywa ya wajukuu. Wapi pa kuyafukuza na wapi pa kuyakaribisha, hilo ni swali la kusanifu, na mahali penye mvua ya kila wiki halina uzito kama hapa.

Wachina wameliingia swali hili kwa mlango wao. Kongjian Yu, aliyechukua udaktari wa usanifu Harvard mwaka 1995 na kufariki 2025, alishikilia kwamba mji unyonye maji kama sifongo badala ya kuyafukuza, na China ililifanya wazo hilo kuwa sera. Silisemi ili tulinakili. Sifongo ya pale ni ya mito mikubwa na mvua nyingi, na hapa kwetu matuta ya nusu mwezi yanayochimbwa vijijini na visiki vinavyochipuzwa chini ya mpango wa Kisiki Hai wa shirika la LEAD Foundation viko karibu zaidi na ukweli wetu. Mkulima anayechagua machipukizi mawili ya mkungugu na kukata mengine anafanya usanifu wa mandhari, ila hakuna aliyempa cheti.

"Mhandisi na mpangaji miji wanatosha"

Mpangaji anasema kiwanja hiki ni cha wazi. Mhandisi anasema mtaro upite hapa. Wakimaliza, eneo la wazi linageuka jalala na mtaro unageuka shimo la kuvunja miguu. Aliyefikiria watu watakaa wapi kati ya hivyo viwili hayupo. Sina zaidi.

"Lazima uende Ulaya, na uwe na baba tajiri"

Shahada ya kwanza ya fani hii ipo hapa nchini, Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Kwa uzamili barani Afrika, tazama Jomo Kenyatta pale Juja, Kenya, na vyuo vikuu vya Pretoria na Cape Town, Afrika Kusini. Ujerumani vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Wageningen ya Uholanzi inafundisha fani hii kwa Kiingereza. Marekani ni ghali, ila tangu Julai 2023 fani imo kwenye orodha yao ya masomo ya sayansi na teknolojia, jambo linalomruhusu mhitimu mgeni kuomba miezi 24 zaidi ya kufanya kazi baada ya ile 12 ya kawaida. Ufadhili wa DAAD ya Ujerumani, Chevening ya Uingereza na Jumuiya ya Madola unaombwa kila mwaka na watu wasio na baba tajiri. Mimi ni mmojawapo wa aina hiyo.

Ukisoma nje, cheti chako kitapitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Peleka nakala zote mapema, na usirudi bila maelezo ya kila somo ulilosoma. Mimi nilirudi bila hayo, na nilihangaika miezi mingi kuyaomba kwa barua pepe.

"Ukirudi utakaa bila kazi"

Hapa dhana na ukweli wamekaa kiti kimoja. Tangazo la kazi lenye jina la fani yako utalitafuta sana. Kazi yenyewe imejaa: Mji wa Serikali Mtumba, maeneo ya wazi ya jiji, shule, makambi ya ujenzi wa barabara, hoteli. Tatizo ni kwamba mara nyingi unaitwa mwishoni, jengo limekwisha, mkandarasi ameshasawazisha kila kitu kwa buldoza na miti mikubwa imelala pembeni, kisha unaambiwa "weka kijani". Fedha iliyobaki ni ya miashoki 40. Nimeshafanya kazi za namna hiyo na nikapokea malipo, sijivuni. Kabla hujaondoka, nenda AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, uulize masharti ya kusajiliwa, kwa sababu sahihi yako isipotambulika utaendelea kuitwa baada ya buldoza.

Na jambo la kalenda. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya katikati ya Desemba na mwanzo wa Februari. Mvua zetu nazo zinaanza Desemba. Kama unataka korongo la nyuma ya kwenu liwemo kwenye potifolio likiwa limejaa, msimu huu piga picha, simama palepale kila baada ya mvua, pima kina kwa fito. Maombi utayatuma mwakani.