Mwafrika wa Kenya alipiga kura kabla ya 1963

Wengi huamini kwamba Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza Mei 1963. Sivyo. Walipiga kura Machi 1957, wakachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Walowezi wa Kizungu walikuwa wakichagua wajumbe wao wenyewe tangu 1920.

Kinachosahaulika zaidi ni sheria yenyewe ya 1957. Kura haikuwa haki ya kila mtu mzima. Ilipimwa kwa sifa: elimu, kipato au mali, utumishi wa muda mrefu na kadhalika. Aliyekuwa na sifa kadhaa aliweza kupewa hadi kura tatu. Mwalimu mwenye mshahara mzuri alikuwa na uzito zaidi kuliko jirani yake mkulima, ambaye huenda hakuandikishwa kabisa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walibanwa zaidi: kwa sababu ya Mau Mau, walihitaji cheti cha utiifu kwa serikali. Hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa dhuluma ya wazi, kwani ilimfanya mtawala awe mwamuzi wa nani anafaa kumpinga.

Hata hivyo, wanane hao hawakugeuka vibaraka. Walikataa nafasi za uwaziri na kudai viti zaidi. Mwaka 1961 masharti yalilegezwa, na 1963 ndipo kila mtu mzima akapata kura moja.